Ukweli Wako, Baba, na Uongo wa Mzee Juma

Baba,

Kaka Nyaga amerudi. Walimwachilia kutoka kizuizini wiki mbili baada ya sisi kukuzika. Sikio lake la kushoto halisikii tena. Mama anampikia uji asubuhi na jioni, halafu anakaa kumtazama mpaka amalize.

Sijui nianze kwa kukuamkia au la.

Unakumbuka Jumamosi zetu kwenye bucha la Mzee Juma, pale Runyenjes? Ulikuwa ukinipeleka kununua nyama, kisha unaisahau nyama yenyewe. Wewe mwinjilisti, yeye Mwislamu, na mlikubaliana karibu kila kitu: Mungu mmoja, siku ya hukumu, Musa mlimani. Ulipenda kusema kwamba Wayahudi walipewa amri kwanza, zikaja kwetu, zikafika kwa Waislamu, na hakuna aliyeruhusiwa kuzipunguza. Jambo moja tu liliwagombanisha. Yeye alisema mtu akidanganya ili kuokoa uhai wa mwenzake, Mungu anaelewa. Ulisimama kwa hasira. "Basi dini yako ina mlango wa nyuma," ulimwambia. "Uongo ni uongo." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilijivunia kuwa binti yako.

Kisha Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau ikaja, serikali ikatuhamishia kijiji kilichozungushiwa handaki, na siku moja mchana tukaketishwa uwanjani kuchujwa, nani amekula kiapo cha Mau Mau na nani hajala. Walipomwinua Nyaga, Mzee Juma, aliyekuwa amewaletea nyama homugadi, wale walinzi wa serikali, alisogea mbele bila kuitwa. Akasema kijana huyu hakula kiapo, siku zile alikuwa kwake akimsaidia kuchuna ng'ombe. Akaapa kwa jina la Mungu. Ofisa akakugeukia wewe, kwa sababu kila mtu alijua hudanganyi.

"Juma anasema uongo," ulisema. "Mwanangu amekula kiapo."

Akakuuliza, na wewe je? Ukainua Biblia. "Mimi ni mtu wa Mungu. Sijakula."

Nyaga alikutazama. Nilidhani ni chuki. Wakampandisha lori. Mzee Juma alipigwa kwa kitako cha bunduki mbele yetu, na bucha lake likafungwa miezi mingi. Nami, Baba, nilikutetea. Mama alipolia nilimwambia umemtii Mungu. Mzee Juma nilimpita bila salamu miaka yote hii, hata siku ya mazishi yako, aliposimama nje ya ua amefungua viganja akikuombea.

Jumapili iliyopita Nyaga aliomba nimwonyeshe kaburi. Kisha akaniambia, kwa Kiembu, polepole, kwamba siku ya kiapo wewe ulipita kabla yake chini ya tao la migomba wanalopitishwa wanaokula kiapo. Waapishaji walikulazimisha, alisema, kama walivyomlazimisha yeye. Ulikuwa unatetemeka. Mlirudi nyumbani mmeshikana mikono.

Mlishikana mikono, Baba.

Woga ningekusamehe. Mimi pia ni mwoga. Hata uongo ningekusamehe. Lakini siku ile uwanjani ulikuwa na uongo mmoja tu, ukajiwekea mwenyewe. Mwanao ukampa ukweli. Halafu ukaja kuhubiri juu ya ukweli huo, Jumapili baada ya Jumapili, nami nimekaa mbele naitikia amina.

Nilimuuliza Nyaga kwa nini hakukutaja kule kambini walipokuwa wakimpiga. Alinishangaa. "Mama angebaki na nani?"

Jana nilikwenda kwa Mzee Juma. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nikaanza kulia. Alinivutia kigoda. "Kaa, mwanangu," akasema, akaendelea kunoa kisu chake mpaka nilipomaliza kulia.

Mama hajui. Leo alipokuwa akipeta maharagwe aliniambia anamshukuru Mungu kwa mume aliyempa, kwa maana wanawake wengi hawajui waume wao walikuwa watu gani. Nilishika ungo upande wa pili nikamwambia ni kweli.

Kwaheri, Baba. Lala. Kwa leo siwezi kukutakia zaidi ya hilo. Lakini nakuahidi jambo moja, na sitaliombea msamaha: kila Mama atakapokutaja, nitamdanganya, mpaka siku tutakapomlaza kando yako.

Binti yako,
Wawira