Magunia, Mawe ya Redio na Mkono wa Heshima

Jumamosi, jioni. Baridi ya mwezi wa sita imekaza, upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro bila kumhurumia mtu, na mimi nimejibana kwenye kiti cha duka la intaneti hapa mjini, koti juu ya sweta. Vidole vimekufa ganzi lakini moyo unacheka. Shajara yangu, leo usinidai mpangilio.

Kwa aliyepotea njia akaangukia ukurasa huu: mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja upande wa Ruhuwiko. Nina chumba kimoja tunachokiita maabara. Wiki hii nilikaribia kukipoteza.

Mahindi ya shamba la shule yamekuja vizuri mwaka huu, na ghala letu linavuja. Mwaka jana magunia yalilowa, tukaumia. Kwa hiyo kwenye kikao cha walimu Mkuu wa shule akatangaza kwamba safari hii mahindi yatalala maabara, maana humo ndani, alisema, kuna meza mbili, mizani iliyovunjika na mwalimu mmoja anayepiga kelele. Hakusema kwa ubaya. Mkuu ni mtu wa maneno machache, na anayatoa kama anayesoma orodha.

Nikaropoka.

Nilisema mle ndani kuna roboti, na siku ya mkutano wa wazazi, yaani leo, roboti huyo atampa Mkuu mkono mbele ya watu wote. Walimu wenzangu walicheka hadi chai ikamwagika. Mkuu hakucheka. Alisimama mkono mmoja mfukoni kama kawaida yake, akasema, "Haya, Mwalimu. Akinisalimia, chumba chako. Asiponisalimia, magunia yanaingia Jumatatu."

Roboti mwenyewe nilimtoa mitumbani. Tangu milango ya biashara ya nje ifunguliwe, kwenye marobota utakuta kila kitu, hata viatu vya kuteleza kwenye barafu, sijui nani wa Songea atavivaa wapi. Muuzaji wa pale Msamala alidhani anauza mwanasesere aliyevunjika. Mimi nilipofungua boksi niliona ubao wa saketi, kifuko cha betri nne na mota tatu ndogo ziitwazo sevo: moja ya shingo, mbili za mabega. Karatasi ya maelekezo haikuwepo. Nilimuunganisha wiki tatu kwa kubahatisha na kwa ubishi.

Ukibonyeza kitufe kifuani, kichwa kinageuka, mkono wa kushoto unakunjika kuja kifuani, kisha wa kulia unanyooka mbele na kubaki hapo. Mama yangu, ambaye naishi naye, alipoona mara ya kwanza alipiga kigelegele. Kwetu mkubwa unampa mkono wa kulia, na wa kushoto unausogeza karibu kuonyesha adabu. Sasa kifaa cha Ulaya kimejuaje? Akampa jina pale pale, Heshima, akamshonea na shati la kitenge la mikono mirefu.

Na mimi kwa mambo ya mkono wa kulia sina mchezo. Mwanafunzi akinikabidhi daftari kwa kushoto silipokei. Namrudisha mlangoni aanze upya.

Jumatano Heshima alisalimia mara kumi bila kosa. Nilimbeba nyumbani ili Mama amalizie vifungo vya shati, nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi nimerudi kutoka kazini, nikabonyeza kitufe. Kichwa, sawa. Mkono wa kushoto, sawa. Wa kulia ulipoanza tu kupanda, mwili mzima ukatetemeka kama wa mwenye malaria, kisha kichwa kikarudi katikati na yeye akaanza upya. Kichwa, kushoto, tetemeko. Kichwa, kushoto, tetemeko.

Nilivua shati, nikafungua kifua. Kila sevo ina nyaya tatu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, na plagi yake inaingia kwenye tundu lake ubaoni. Nilichomoa zote nikazichomeka tena. Mkono wa kulia sasa haukutetemeka hata kidogo. Ulikufa kabisa. Nusu saa nzima nililia na sevo nikidhani imeungua, kumbe nilikuwa nimeichomeka plagi kinyume, nyeusi mahali pa nyeupe. Nikaigeuza. Tetemeko likarudi, na nakiri nililifurahia kama mgeni.

Nikajiambia: fanya kama unavyofundisha, badilisha kitu kimoja kimoja. Plagi ya mkono wa kulia nikaihamishia tundu la kushoto, na ya kushoto tundu la kulia. Nikabonyeza. Mkono wa kulia ukakunjika kifuani vizuri kabisa, na sasa wa kushoto ndio uliotetemeka. Basi sevo ni nzima! Ugonjwa uko kwenye tundu. Umeme ulikuwa umekatika, nikaweka chuma cha kuchomea risasi kwenye jiko la mkaa, nikachomea upya miguu yote mitatu ya lile tundu. Nilijisifu jinsi ilivyong'aa.

Tetemeko.

Betri nazo nilizipima, usidhani sikuzipima. Mita ilisema zina nguvu, zote nne. Nikaziamini.

Ijumaa mchana nilikata tamaa. Heshima yuko mezani kifua wazi, mimi nikatoka uani kunawa uso. Juu ya banda la kuku palikuwa na ungo, na ndani ya ungo betri za tochi zimeanikwa juani kama dagaa. Hilo si jambo geni, kila nyumba huku inaanika mawe ya tochi na redio. Kilichonishtua ni redio yenyewe. Kwa mwezi mzima imekuwa ikinong'ona, na leo inatangaza vifo kwa sauti ya kumfikia jirani wa tatu.

"Mama, redio imepata mawe mapya?"

"Ya Heshima," Mama alijibu, hata hakuacha kuchambua maharage. "Nimemwekea yale yangu. Nimeyaanika siku mbili, yameiva vizuri. Yeye si anasalimia mara moja tu? Mimi nina vifo, nina taarifa ya habari, nina misa."

Nilikaa chini kwenye kizingiti nikacheka hadi machozi yakanitoka. Betri iliyochoka ukiianika inajikongoja, na ikiwa imekaa tu bila kazi inaidanganya mita. Iambie ishike mota tatu kwa pamoja, inaanguka hapo hapo, na ubao unazimika na kuanza upya. Wa kulia haukuwa na kosa lolote zaidi ya kuwa wa tatu kuamka. Ningepima betri wakati mikono inafanya kazi, ningejua Alhamisi. Na tochi yangu mwenyewe, mwalimu wa fizikia mzima, mawe yake ninayaanika pale pale juu ya banda la kuku.

Nilikimbia dukani nikarudi na betri mpya. Nikaketi mbele ya Heshima, uso kwa uso, nikabonyeza. Kichwa, mkono kifuani, na mkono mwingine ukapanda taratibu, ukanyooka kunielekea bila kutikisika. Niliruka. Nikamvisha shati, nikamfunga vifungo vyote. Mama alimtazama kidogo akanyamaza, akarudi kwenye maharage yake. Kunyamaza kule kungenipa akili, lakini nani ana akili akiwa na furaha kiasi kile?

Basi leo.

Bwalo limejaa. Wazazi wengine wametoka mbali kule Maposeni, na Mama yangu amekaa mstari wa pili kwa sababu, anavyowaambia watu, mtoto huyo wa mezani amevaa shati alilomshonea yeye. Heshima yuko juu ya meza. Mkuu akaja, akasimama mbele yake, mkono mmoja mfukoni. Nikabonyeza.

Kichwa kikageuka. Mkono wa kulia ukakunjika kifuani, ukakaa. Wa kushoto ukapanda, ukanyooka hadi tumboni kwa Mkuu.

Wa kushoto!

Plagi, ndugu yangu. Zile plagi nilizozihamisha Alhamisi sikuzirudisha. Na jana nilipoketi uso kwa uso na Heshima, mkono ulioinuka ulikuwa upande wangu wa kulia, nikaruka kwa furaha, mimi ninayefundisha vioo Kidato cha Pili. Mzee mmoja wa mbele akaguna, "Eeh!" Nilitamani ardhi ipasuke. Niliyaona magunia yanaingia maabara moja baada ya jingine, na mimi nimeshika mlango.

Mkuu aliuangalia ule mkono muda mrefu. Halafu akatoa mfukoni mkono wake, ule ambao katika miaka saba ya kufanya naye kazi sijawahi kuuona ukifanya chochote. Ni wa kushoto. Akaushika mkono wa Heshima.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema, bado amemshika. "Mnisamehe, mimi ndivyo nilivyozaliwa. Darasa la kwanza mwalimu aliufunga mkono huu kwenye dawati kwa kamba ya katani, muhula mzima, hadi nikajua kuandika kwa huu mwingine. Tangu siku hizo unakaa mfukoni. Leo ni mara ya kwanza mtu kunisalimia kwa mkono wangu."

Halafu akacheka. Mkuu alicheka! Bwalo likalipuka, na yule mzee aliyeguna ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kupiga makofi. Mkuu alinigeukia akasema kwa sauti yake ya orodha, "Chumba chako, Mwalimu. Magunia yaje ofisini kwangu, yatakayobaki yakae hapa bwaloni. Na huyu usimrekebishe."

Njiani Mama aliniambia jana aliuona mkono, akadhani kwao Ulaya ndivyo wanavyosalimiana, akaona si vizuri kumuaibisha mgeni. Nikamwambia sawa, Mama. Ametembea mbele yangu hadi nyumbani akijibu pongezi za watu.

Nilipaswa kuishia hapo, maana siku imekuwa tamu. Lakini tangu nimekaa kwenye kiti hiki kuna kitu kinanisumbua na sitaki kukificha.

Kidato cha Kwanza B kuna msichana anayekaa dirishani. Kila wiki ananikabidhi daftari kwa mkono wa kushoto, na kila wiki namrudisha mlangoni aanze upya, darasa zima likicheka. Mara nyingi na mimi nacheka. Mwezi huu ameacha kabisa kuleta daftari, na mimi nikaandika kwenye ripoti yake kwamba ni mvivu.

Sikumfunga kamba. Lakini nilichofanya kina tofauti gani?

Ripoti bado ziko kwenye mkoba wangu, wazazi watapewa wiki ijayo. Yake nitaiandika upya leo leo, kabla sijavua koti. Na Jumatatu kipindi cha kwanza ni Kidato cha Kwanza B. Nitasimama dirishani kwake, nitanyoosha mkono wangu wa kushoto mbele ya darasa zima, na nitaomba daftari.