Bi Mkubwa Hayuko Mwimbi

Mjomba, shikamoo.

Najua huitikii, lakini mkono umeshaandika wenyewe, basi na ibaki.

Naanza na habari za banda lako la muvi, maana ungeuliza hizo kabla hujaniuliza hata kama nimekula. Banda lipo. Bati la upande wa mlangoni upepo ulitaka kuondoka nalo, nikalipandishia mawe, limetulia. Spika ya kushoto bado inakoroma. Watu wako wa Chanji ni walewale na wanakaa palepale, isipokuwa kiti chako cha pembeni ya televisheni nakikalia mimi, na maiki ninayo mimi. Huu ni mwezi wa saba tangu uondoke. Mwanzoni walikuwa wananiangalia mimi badala ya kuangalia muvi, kana kwamba hawajawahi kuona mwanamke anatafsiri.

Nimekuandikia kwa sababu nimegombana na wewe, Mjomba, na wewe hupo wa kunijibu. Sasa nifanyeje? Acha niseme.

Sehemu ya tano ya Bwana Kimya imefika. Huko alikotoka yule jasusi anaitwa kitu kingine kabisa, lakini hapa mjini hakuna anayemjua kwa jina la kwao. Jina ulimpa wewe, ukampa na maneno. Alipodandia treni ukamfanya apige kelele kwa kondakta, "Nauli nitalipa Laela!" na watu wakacheka hadi wakapaliwa na karanga, na hapo Laela kwenyewe hakujawahi kufika treni.

Hii ya tano haichekeshi hata kwa bahati mbaya. Mvua tangu mwanzo mpaka mwisho. Bwana Kimya amezeeka, rafiki yake wa damu amemuuza kwa maadui, na hampigi mtu hata ngumi moja mpaka muvi imefika katikati. Niliiangalia nyumbani mara tatu, daftari mapajani, kama ulivyonifundisha. Mara ya kwanza nilipofika pale anapoingia makaburini, nikaisimamisha. Nikasema, ala! Mjomba kaniacha pabaya.

Maana kaburi ni la Bi Mkubwa.

Unakumbuka, usijifanye hukumbuki. Yule mkuu wa majasusi, mama mwenye mvi aliyemlea Bwana Kimya kazini. Katika sehemu ya nne alipigwa risasi ya kifua mezani kwake, mbele ya macho yetu sote. Na wewe ukasema kwenye maiki: "Amezimia tu, jamani. Wanampeleka kwao Mwimbi akapumzike." Banda likapiga makofi. Tangu hapo kila aliyekuuliza ulimwambia yuko hapo kijijini Mwimbi, analima mahindi, hajambo. Ikawa msemo wa banda. Mtu asipoonekana wiki mbili, wanasema yuko Mwimbi kwa Bi Mkubwa.

Sasa sehemu ya tano yote imejengwa juu ya kifo hicho. Kwa ajili yake Bwana Kimya anakunywa, kwa ajili yake rafiki yake anamuuza. Bi Mkubwa akiwa hai Mwimbi, muvi nzima haina kichwa wala miguu.

Nilitafuta njia ya kukufichia. Niliandika kwamba kaburi ni la mama yake mzazi, nikafanya mazoezi, maneno yakakaa vizuri kabisa kwenye midomo ya waigizaji. Ungenisifu. Halafu nikakumbuka ugonjwa wako, hasira ikanipanda palepale.

"Ni uchovu tu huu, Odila." Ndivyo ulivyoniambia. "Nenda kaangalie ulezi shambani, ukirudi utanikuta nimekaa." Nikaenda siku nne, mimi mjinga. Niliporudi nilikuta wanaume wamekaa uani kwenye viti vya kuazima na wanawake wa jumuiya wanaimba ndani. Daktari alikwambia moja, mimi ukanitafsiria lingine. Mjomba, mimi nilikuwa na haki ya kukaa kitandani kwako nikushike mkono. Uliniibia siku zile nne na sijazipata mpaka leo.

Nikaichana ile karatasi.

Jumapili, baada ya misa ya pili, banda lilijaa mpaka wengine wakasimama. Tulipofika makaburini nikasema: "Jamani, yule mama alikufa. Alikufa kwenye sehemu ya nne, hapahapa mbele yetu. Mjomba hakutaka kusema." Kisha nikaiacha maiki kimya, maana Bwana Kimya mwenyewe pale kaburini hasemi neno. Wewe hukuwahi kuiacha maiki kimya.

Kimya hicho hakikudumu. Festo wa bodaboda alisimama, akaniambia mbele ya watu, "Dada, mzee hata mwaka hajamaliza, unamwita mwongo?" Akatoka, na wenzake sita wakatoka.

Muvi ilipoisha waliobaki wakaanza kubishana pale nje hata jua halijazama, na wamebishana wiki nzima. Mwalimu Benedikta, yule mstaafu, anasema hii ndiyo bora kuliko zote, maana kwa mara ya kwanza yule mtu anaogopa, na yeye hajawahi kumwamini mwanamume asiyeogopa. Festo anasema siku nzima anakula vumbi na baridi juu ya pikipiki. Akiingia bandani anataka gari zifukuzane, huzuni anazo za kwake nyumbani. Wakati wako alikuwa anasema steringi, yule shujaa wa muvi, hafi. Sasa anasema heri huyu angekufa mapema, tukacheke kwenye muvi nyingine. Yule karani wa kutoka Mbeya aliniuliza kwa upole kama televisheni yangu inaharibika, mbona picha nyeusi vile. Nikamwambia ndivyo walivyoipiga. Akasema basi kamera yao ndiyo mbovu.

Hayo yote nayapenda, Mjomba. Watu wakibishana wameangalia. Kilichoniumiza ni lile la kukuita mwongo. Jumapili iliyofuata nusu ya viti vilikuwa vitupu. Nikasema basi, maiki naiweka chini, narudi kwenye cherehani yangu. Nilimaanisha. Niliikunja waya nikaitia kwenye mfuko.

Jumatano akaja Mama Sabina na unga wa ulezi kwenye beseni. Ni yeye niliyemwogopa kuliko wote. Wewe mwenyewe uliniambia ulimficha Bi Mkubwa kwa sababu yake, kwamba alikuwa amekaa mstari wa mbele na nguo nyeusi, mumewe hana mwezi kaburini, ungesemaje kwenye maiki kwamba mtu amekufa? Nikamwomba radhi. Akacheka mpaka akaweka beseni chini.

"Odila, mimi macho ninayo. Yule mama nilimwona ametobolewa kifua. Mfu namjua."

Nikamuuliza mbona alipiga makofi.

Akasema, "Tulimwacha aseme. Sauti ilikuwa inamkatika. Si ndiyo kwanza alikuwa ametoka kumzika mama yako?"

Mjomba, nilikaa chini pale mlangoni. Ni kweli. Sehemu ya nne tuliionyesha siku chache baada ya matanga ya mama. Nilikuwa pembeni yako nakushikia daftari, na kwa uchungu wangu sikukuona. Dada yako uliyekuwa naye tumbo moja, na wewe ukashindwa kulitamka neno lile kwenye maiki. Kumbe banda zima lilijua. Walipiga makofi ili upate kuendelea, na miaka yote hii wakawa wanakuuliza habari za Mwimbi ili kukutunzia hadithi yako. Wewe ukadhani unawaonea huruma wao.

Nilimfuata Festo kijiweni. Nikamwambia sikujua. Akafuta kioo cha pikipiki yake muda mrefu, akasema, "Tulikuwa tunamtunzia mzee, dada. Sasa yupo wapi wa kutunziwa? Poa tu." Jumapili alikuja, akakaa palepale pake, safari hii akaiangalia yote. Ilipokwisha akasema bado ni mbovu. Mwalimu Benedikta akamwambia hana akili, na mabishano yakaanza upya.

Mimi ukiniuliza, muvi ni nzuri. Mvua wangepunguza. Na ningependa atabasamu hata mara moja, kwa ajili ya kina Festo.

Hasira yangu imepungua, sitasema imekwisha. Ile ya siku nne bado ipo, nadhani itakaa. Lakini sasa najua hukunificha kwa kunidharau. Ulikuwa huwezi kulitamka.

Na mimi pia nikuungamie jambo. Simu yako ninayo, sikuizima. Yule mzee wa Kabwe aliyekuwa anakuletea samaki wa migebuka amepiga mara tatu tangu uondoke, na mara zote tatu nimemwambia umetoka kidogo. Mimi huyuhuyu niliyesimama mbele ya watu na kuwaambia ukweli! Jana akapiga tena. Nikamwambia, "Mzee, Mjomba amefariki. Tumemzika. Nilikuwepo, udongo nimeutupa kwa mkono wangu." Halafu nikamsikia analia, na mimi nikalia, tukalia hivyohivyo mimi na mtu ambaye sijawahi kumwona sura, mpaka mtandao ukakata. Akapiga tena kunipa pole.

Basi nakuahidi. Maiki siiweki chini. Pa kuchekesha nitachekesha, na utani wako nitautumia bila kuomba ruhusa. Atakayekufa nitasema amekufa, na nikiona yupo mtu pale mbele ambaye neno lile litamchoma, nitakwenda kukaa naye muvi ikiisha.

Uliondoka mimi niko shambani, na tangu hapo kwa mdomo wangu ulikuwa umetoka kidogo tu. Ndiyo maana sijawahi kukuaga.

Kwaheri, Mjomba.

Mpwa wako,
Odila