Mwaka Tuliokosa Matufaha

Tunbrook, Vermont
Jumapili, 3 Desemba

Mdogo wangu Emeric,

Pokea salamu za baridi kutoka kwa dada yako. Naomba zikukute mzima na kifua kimetulia, maana sijasahau kwamba kila Desemba ilikuwa lazima ukohoe mpaka Krismasi ipite. Huko jangwani nasikia hewa ni kavu. Huenda imekufaa kuliko ya kwetu. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri umri unavyoruhusu. Baba alitimiza themanini na moja mwezi Agosti. Magoti yanamsumbua, na masikio yanachagua la kusikia na la kuacha, lakini kuni anapasua mwenyewe, na ole wako umshike mkono kwenye ngazi.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Sisi tumekuwa watu wa kadi moja kwa mwaka, maneno matatu na sahihi. Leo nina maneno mengi, basi kama una nafasi, tafuta pa kukaa.

Habari kubwa ya shambani ni kwamba mwaka huu hatukuvuna hata tufaha moja. Katikati ya Mei, miti ikiwa imechanua hadi matawi hayaonekani, tuliamka tukakuta sakitu, ule umande ulioganda, imetanda juu ya kila kitu, nyeupe kama unga. Baba alipita safu kwa safu, akichuma ua moja hapa na moja pale na kulipasua kwa ukucha. Ndani yote yalikuwa meusi. Aliporudi aliniambia, "Haya, mwaka huu tumepewa likizo." Alilitoa kama mzaha, ila kahawa yake aliiacha ikapoa mezani.

Kwa hiyo Septemba iliingia na kutukuta hatuna kazi. Nyumba ilikuwa kimya, Emeric, kimya cha kuumiza masikio. Unakumbuka ilivyokuwa: ngazi zimeegemea mitini, nyigu wanazunguka mashine ya kukamulia, nguo zetu zinanata juisi, na Mama anachemsha matufaha kwa mdalasini hadi harufu inaingia kwenye mito ya kulalia. Wewe ulikuwa unapanda ule mti wa mwisho karibu na ukuta wa mawe, badala ya kuchuma unakula. Mama anakuita kutoka chini, "We Emeric, mbona kapu lako halijai? Lina tundu?" Nawe unamjibu kwamba tundu liko tumboni. Alikuwa akicheka hadi anashika ubavu. Mimi nilikuwa nimejaza makapu matatu, na nakumbuka nilisimama pale nikingoja aniangalie.

Mwisho wa Septemba majani yakaanza kugeuka. Ile miti ya kando ya barabara, tunayoigema utomvu wa kupikia shira, iliwaka nyekundu upande mmoja kwanza, kama kawaida yake, kisha mlima mzima ukafuata. Magari ya wageni yakaanza kupita polepole, watu wametoa vichwa madirishani. Baba alikuwa akiwatazama kutoka barazani, na siku moja akaniuliza hivi hawa watu wanaona nini hasa. Nikamwambia wanaona majani. Akasema, "Miaka themanini na moja sijawahi kuyaona. Kila yakigeuka mimi nimeinamia masanduku." Kesho yake asubuhi nilimkuta amekwisha kuosha ile pikapu, ndani na nje, na amevaa koti la kanisani. Aliniambia nipakie nguo za siku tatu.

Sijui nikueleze vipi furaha ya safari ile. Tulivuka mto tukaingia New Hampshire, tukapanda Milima Myeupe, tukashuka hadi pwani ya Maine. Baba alikaa na ramani magotini kama rubani. Kwenye kila kibanda cha maboga alitaka tusimame, akayagonga maboga kwa kidole na kuyatia dosari kwamba ya kwetu ni mazito zaidi. Pale tulipolala, mwenye nyumba ya wageni, Bi. Lunt, alimwuliza mzee ametoka wapi. Baba, bila kupepesa jicho, akajibu kwamba ametoka Nebraska, nchi ya mahindi matupu, hakuna miti.

"Hata mmoja, mzee wangu?" Bi. Lunt akauliza, amekwisha kuingiwa na huruma.

"Mmoja ulikuwepo," Baba akasema. "Ng'ombe wakaumaliza."

Yule mama alimkatia kipande cha pili cha pai ya maboga, na asubuhi akatufungia kingine cha njiani. Baba alicheka ndani ya gari hadi akatoa miwani akafuta macho. Ni miaka mingi sijamsikia akicheka vile. Kwa Bi. Lunt alinunua pia kadi yenye picha ya mlima na majani yake, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Sikumwuliza ni ya nani.

Tulipokuwa tunarudi, siku ya tatu, alitaka tusimame mahali pa juu, barabara inapopinda na bonde zima linakuwa chini yako. Jua lilikuwa limepanda vizuri. Bonde lilikuwa rangi ya chungwa na dhahabu, na katikati yake misonobari myeusi imesimama. Baba alishika uzio kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba Mama alimwomba safari hii miaka arobaini na moja, na kila mwaka jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba matufaha hayajichumi. Kisha, bila kugeuka, akaniuliza, "Hivi Delphine, ile Sikukuu ya Shukrani ya mwisho ya mama yenu, Emeric alikwambia nini hasa kwenye simu?"

Nilimjibu nilivyomjibu siku zote. Kwamba ulisema una kazi.

"Basi tu? Hali ya mama yake hakuuliza?"

Nikasema uliuliza.

"Afadhali," akasema, na tukarudi garini. Kuanzia pale hadi nyumbani mimi majani sikuyaona tena.

Novemba ilipita kama inavyopita huku, kijivu, miti mitupu, tope linaganda asubuhi na kuyeyuka mchana. Sikukuu ya Shukrani ilipofika tulikuwa wawili tu, mimi na Baba, lakini yeye alisisitiza tuwe na bata mzinga mzima na mkate wa kumjazia tumboni kama alivyoupika Mama, wenye vitunguu na majani ya seji. Asubuhi tuliketi jikoni, mimi nakanda unga wa pai, yeye anamenya viazi. Akafuta mikono, akatoa ile kadi ya Bi. Lunt mfukoni, akaniomba nimwandikie anwani yako, kwa sababu mkono wake unatetemeka na mtu wa posta hatausoma mwandiko wake. Ujumbe alikuwa ameuandika mwenyewe, herufi kubwa zilizopinda. Ulisema: *Mwanangu. Nilikosea kukwambia ukitoka utoke moja kwa moja. Nimeona majani, ni mazuri. Kama kazi zimepungua, njoo. Baba.*

Kama kazi zimepungua. Mdogo wangu, kalamu ilinikataa mkononi. Aliona haya kukuomba, akakutafutia na kisingizio, na kisingizio chenyewe ni uongo wangu.

Sasa nakuandikia yale niliyomwambia Baba asubuhi ile, na wewe unajua nusu yake.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku tisa kabla ya Shukrani, ulipiga simu hapa nyumbani. Uliniambia umechoka na ugomvi, kwamba uliondoka vibaya katikati ya mavuno, na ukaniuliza kama ukija Baba atakupokea. Nilikwambia nitamwuliza. Ulipopiga tena kesho yake nilikwambia Baba amesema usikanyage hapa. Emeric, sikumwuliza. Baba hakusema neno lolote. Hakujua hata kwamba ulipiga mara ya kwanza. Yeye na Mama niliwaambia kwamba umepiga kusema una kazi, huwezi kuja.

Nimetafuta miaka yote hii sababu itakayonipunguzia, sijaipata. Nakueleza tu ilivyokuwa. Nilikuwa nimeacha kazi yangu ya shule, miezi saba namwosha Mama, namgeuza, namlisha kijiko kwa kijiko, naye ananishukuru kwa adabu kama mtu anavyomshukuru muuguzi. Simu ilipolia, alijiinua juu ya kiwiko. Alikuwa hawezi hata kushika kikombe, lakini alijiinua, uso umeng'aa, akauliza, "Ni Emeric?" Hapo ndipo nilipokata shauri. Sikukuchukia wewe. Nilitaka sikukuu moja tu, moja, awe wangu.

Na hakuwa wangu. Siku ile alikaa kwenye kiti kinachotazama barabara tangu asubuhi. Nilimwambia zaidi ya mara mbili kwamba huji. Akasema, "Unamjua ndugu yako, atatushtua. Mwekeeni kipande cha pai." Nilikuwekea. Siku ya tatu nikakitupa kwa kuku. Februari akafa, nawe ukaja kwenye mazishi ukasimama nje ya lango la makaburi kama mtu baki, ukaondoka bila kumpa Baba mkono, kwa sababu uliamini amekufukuza. Naye alikuona, akaamini kwamba hukuona haja ya kumsalimu. Mimi nilikuwa katikati yenu nimeshika mwavuli, na nikanyamaza.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya kiazi kile kile, hadi kikabaki kama kokwa. Akaniuliza kama Mama alijua. Nikasema hapana. Akavua aproni, akatoka nje, akashuka hadi mwisho wa shamba. Alikaa huko hadi saa nane, bata mzinga amekauka ndani ya jiko. Niliporudi kutoka kutafuta kuni nilimkuta amekaa mezani mahali pake. Akasali sala ya chakula kama miaka yote. Akala viazi, akala nyama. Pai yangu hakuigusa.

Halafu akasema, na nakunukulia maneno yake kama yalivyo: "Aliyemwambia atoke ni mimi. Na simu imekaa ukutani pale miaka kumi na moja, kidole changu hakikuwa kimekatika. Kwa hilo siwezi kukutupia lawama peke yako. Lakini mama yako aliitazama barabara siku nzima, Delphine. Hilo sijui nikusamehe vipi. Usinihimize."

Simhimizi. Tunaishi. Asubuhi namwekea kahawa, ananiambia asante.

Jumatatu iliyofuata alikwenda mwenyewe stesheni. Yeye ambaye hajawahi kuvuka Ohio amekata tiketi ya treni. Ataondoka tarehe 19, atabadilisha mara mbili, na atafika Albuquerque Ijumaa tarehe 22, saa kumi jioni. Nilijitolea kumsindikiza. Akakataa, akasema safari hii si yangu. Nilimwuliza kama atume kwanza ile kadi. Akasema kadi ni ya watu walio mbali. Nilimwuliza pia kama anataka kuisoma barua hii kabla sijaifunga. Alisema, "Hayo ni yako na yeye. Yangu nitayasema kwa mdomo wangu."

Kwa hiyo nakuandikia upesi, ili akifika uwe umekwisha kujua yote, usije ukamlaumu mzee kwa neno ambalo hakulitamka. Mimi sikuombi jibu. Ukitaka kunitukana, niandikie unitukane, nitaisoma. Ukinyamaza nitaelewa. Krismasi nitakuwa hapa, nimeshawaambia kanisani kwamba nitapika supu ya wazee.

Nisalimie mkeo Ximena, ambaye namjua kwa picha tu, na umwambie naomba radhi kwake pia, kwa kuwa nimemnyima mama mkwe na baba mkwe.

Neno la mwisho ni kuhusu Baba. Ongea naye upande wa kulia, sikio la kushoto limekwisha. Dawa zake za shinikizo la damu ziko kwenye kopo la bluu, moja asubuhi, na atakudanganya kwamba ameshameza. Kwenye treni atakuwa amevaa lile koti la kanisani, na atashuka wa mwisho, maana hapendi kusukumana. Usimngojee aanze yeye kuongea, hatajua aanzie wapi. Atakwambia hana njaa. Usimsikilize. Mpe chakula.

Dada yako,

Delphine