Mashine Uliyomvisha Mama Kichwani

Gihosha, Bujumbura
Tarehe 19 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Anouar,

Assalam aleikum. Wewe na Houda mu wazima? Watoto wamemaliza mitihani yao? Nilisikia kwamba mgongo bado unakusumbua. Natumaini umepata nafuu. Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Mama naye yupo, anakula kidogo, ila mkono wake wa kushoto umo ndani ya plasta tangu wiki iliyopita.

Nimengoja siku tisa kabla ya kukuandikia, nikidhani hasira itapungua. Haikupungua. Nisome hivyo hivyo, na usinipigie simu kabla hujafika mwisho wa barua.

Rafiki yako Khaled alipokuja kwenye harusi ya dada yake, alileta kifurushi chako. Nilikifungua mimi: mkanda wa kichwani, sponji mbili, nyaya na kiboksi kidogo kama simu. Nilikuuliza ni cha nini. Ukanijibu ni cha kukanda kichwa, Mama apate usingizi. Nilikuamini.

Kumbe ulikuwa umeshapanga naye. Ulimwambia kuwa huko kwenu madaktari wanapitisha umeme mdogo kwenye ubongo wa wazee ili wasianguke ovyo, kwamba wewe umesoma mambo hayo, na kwamba baada ya wiki mbili hatahitaji fimbo. Ukamwomba asiniambie, kwa sababu mimi ni mwoga na nitakwenda kuuliza watu wa hospitali. Ndiyo, Anouar, ningekwenda kuuliza.

Kila asubuhi nikishatoka kwenda dukani, Mama alifunga mlango, akajivika mkanda, akakaa dakika ishirini huku wewe ukimwelekeza kwa simu. Unajua alivyo. Mwanamke aliyeshona nguo za maharusi miaka arobaini hapendi kushikwa mkono akienda chooni. Wiki ya pili akaiacha fimbo nyuma ya mlango. Aliniambia miguu imekuwa myepesi. Nami nilifurahi, sikuuliza zaidi. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Jumanne tarehe kumi, alasiri, alitoka kumpelekea jirani yetu Christa sahani ya pilau, maana amejifungua. Christa akamsalimu kutoka dirishani. Mama akageuka kumjibu huku anatembea, na mguu ukateleza kwenye ile ngazi ya karo uliyoijenga ulipokuja mwaka juzi, ile ya vigae vinavyong'aa. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia sahani ikivunjika. Nilimkuta chini anazoa wali kwa mkono mmoja, haraka haraka, ili watu wasione. Mkono wa pili alishindwa hata kuuinua.

Hospitalini muuguzi alimvua mtandio ili amchunguze vizuri. Kwenye paji la uso kulikuwa na alama mbili za kuungua, moja imetoka malengelenge. Muuguzi akanitazama mimi kana kwamba namtesa mama yangu. Ndipo Mama akasema yote.

Nilikupigia palepale kwenye korido, nikakuambia Mama amevunjika mkono. Unakumbuka ulichosema?

"Sponji zilikuwa na maji ya kutosha?"

Hukuuliza kama analia. Hukuuliza ni mkono upi. Uliuliza habari za sponji.

Sasa sikiliza aliyoniambia Méthode, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemhudumia. Hakuudharau umeme wako. Alisema utafiti huo upo kweli, na kuna wazee ambao unaonekana kuwasaidia kutembea huku akili iko kwenye jambo jingine. Lakini bado unapimwa, na wanaopimwa wana wataalamu pembeni yao. Si mzee peke yake chumbani na mashine iliyonunuliwa kwenye mtandao. Kisha akauliza mambo ambayo mimi na wewe hatukuwahi kuuliza: Mama anameza dawa gani, macho yanaona vipi, anakanyaga sakafu gani. Daktari akagundua kuwa dawa yake ya presha ilikuwa nyingi mno, ndiyo maana alikuwa akipata kizunguzungu kila akisimama. Miezi yote hiyo, Anouar. Ngazi yako nimeita fundi ameing'oa.

Lakini linaloniunguza zaidi si mkono. Mkono utapona. Juzi wanawake wa msikitini walikuja kumwona, akakataa wasiingie. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu huku anaangalia ukuta: "Mwantum, ubongo yangu imekwisha. Kama ingekuwa muzima, ile umeme ingeisaidia."

Unasikia? Hakusema mashine imeshindwa. Amejihukumu yeye. Anaona aibu mbele yako, kwamba ulijisumbua na yeye hakupona. Ndiyo sababu hapokei simu zako. Hajakukasirikia. Aliyekasirika ni mimi.

Méthode anakuja mara mbili kwa wiki. Anamtembeza uani, mimi nikiwa nyuma, naye Mama anataja majina ya maharusi aliowashonea huku akipiga hatua. Jana alifika jina la kumi na moja bila kuyumba. Kisha akaomba kukaa, akaniuliza kama umeudhika naye.

Kwa hiyo nakuagiza, sikuombi. Kesho baada ya sala ya Ijumaa piga kwenye simu yangu; barua hii nakutumia leo kwa picha ili usiseme hukuipata. Nitamwekea Mama sikioni. Mwambie uliyekosea ni wewe. Mwambie kichwa chake hakina ubaya wowote. Ukianza kujieleza, nitakata.

Msalimie Houda, na watoto waambie bibi yao anawataja. Khaled mwambie simlaumu, hakujua alichobeba. Mjomba Massoudi wa Kanyosha anakusalimu sana. Hajaambiwa habari hii, na ukifanya nilivyosema hataambiwa na mimi.

Mungu akulinde huko uliko, akufungue kinywa umwambie mama yako maneno hayo machache.

Dada yako, akupendaye hata leo hii,

Mwantum