Asali ya Mjomba Mughwai

Ihanja

Kaka yangu Obadia,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Huku tu wazima, na mbuzi wako amezaa pacha.

Barua yako nimeisoma. Unasema ukoo unataka nimwombe msamaha Mjomba Mughwai na niache kazi, kwa kuwa niliipima asali yake mbele za watu nikaikataa. Kaka, msamaha siombi, na kazi siachi.

Ya mwaka jana hukuambiwa. Kampuni yetu ya kununua asali ilikuwa na miezi mitatu tu mjomba alipoleta ndoo tano. Niliona haya kumpimia mzee, nikazimimina kwenye pipa pamoja na asali ya wajane wa kanisani. Kumbe yake ilikuwa na maji, maana huvuna kabla nyuki hawajaziba masega. Pipa zima likachacha. Nilikiri kwa Janeth, yule binti aliyeianzisha kampuni, nikingoja kufukuzwa. Akasema, "Mama, kuanzia leo mpimaji ni wewe. Najua hutarudia." Akanifundisha kile kipimo kinachoonyesha maji yaliyomo kwenye asali, mimi wa darasa la saba, na sasa nawafundisha wengine.

Safari hii mjomba alinicheka: "Nilikubeba mabegani, leo unanipima?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mjomba. Lete ndoo."

Jambo hili nimeliombea, na moyo wangu umetulia. Ukija Pasaka, njoo na asali yako. Nitapiga goti nikuamkie, kisha nitaipima.

Ni mimi mdogo wako,
Selina