Bati Kumi na Mbili na Breki ya Baiskeli

Baraka, Jumatano baada ya Pasaka, 2003

Kwa kaka yangu mpendwa Bonaventure, kambini Nyarugusu,

Pokea salamu zangu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba ile homa ya mdogo imekwisha. Sisi hapa tu wazima. Mama anakusalimu sana; magoti yanamsumbua, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Muhogo wa kule mtoni umekubali, na sasa zimepita wiki sita hatujasikia mlio wa bunduki mjini.

Kaka, kaa chini kwanza. Sinte imelia! Ile ile sinte, kinanda cha umeme cha kwaya, uliyoivusha ziwa kutoka Kigoma umeifunga kwenye godoro kama mtoto mchanga. Imelia siku ya Pasaka, kanisa limejaa mpaka madirishani, na aliyeipiga ni mimi dada yako. Najua habari husimuliwa kuanzia mwanzo, lakini hii imeshindwa kungoja zamu yake.

Nilikuandikia jinsi bomu lilivyoanguka karibu na kanisa mwezi wa kumi mwaka jana, na kipande cha chuma kikaipiga sinte upande wa kuume, kikang'oa vibonye vyote kuanzia katikati. Vya kushoto vilibaki vizima, lakini vya kushoto peke yake ni ngurumo tu, hakuna wimbo. Ikakaa chini ya kitanda cha Mama. Mwezi wa pili Norbert, mwenyekiti wetu wa kwaya, akaja kutuambia kwamba ndugu wa kanisa la Fizi wanaiomba. Huko wana fundi, na angeifungua achukue vya ndani atengenezee ya kwao. Akasema, "Ile kitu ilishakufa, Anastasie. Tuipatie bantu ba Fizi, bao beko na fundi."

Norbert si mtu mbaya, wamjua, ni mtu wa kukata tamaa haraka. Lakini damu ilinichemka. Nilimwambia mbele ya kamati nzima anipe mpaka Pasaka: ikilia inabaki Baraka, isipolia nitaibeba mwenyewe kichwani mpaka Fizi. Wakacheka, wakakubali. Nilipofika nyumbani nikaanza kuogopa, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Unamkumbuka Idi, fundi redio wa karibu na soko, uliyekuwa ukimtania kwamba redio ikiingia kwake imehamia? Ndiye niliyemwendea. Aliifungua, akachungulia muda mrefu, kisha akanieleza kwamba roho ya mashine haikuguswa, kilichokufa ni vibonye. Alisema kazi ya kibonye ni ndogo tu, kukutanisha nyaya mbili. Akaiunga kwenye betri ya gari, akasema bismillahi, akagusanisha nyaya mbili kwa ncha ya kisu. Ikatoka sauti ya sol, kaka! Sol safi, ya upande wa kuume! Nilipiga yowe mpaka mkewe Latifa akaacha mandazi yake yaungue.

Basi tukaamua kuitengenezea vibonye vyetu wenyewe. Tulikata bati za makopo ya mafuta ya msaada, na katikati ya kila bati mbili tukatia kipande cha kandambili kilichotobolewa tundu. Ukikanyaga, mpira unabonyea, bati zinakutana tunduni, sauti inatoka; ukiinua mguu, mpira unazitenganisha. Nyaya tulizitoa kwenye simu za zamani, Idi akaziunga kwa lehemu akipasha chuma chake kwenye makaa. Kwa kuwa bati zilikuwa kubwa, tulizipigilia kwenye ubao, ubao ukakaa sakafuni, nami nikawa wa kupiga kwa miguu: sauti kumi na mbili, kuanzia do mpaka si pamoja na zile nyeusi. Na lile gurudumu dogo la kupinda sauti, ulilokuwa ukinikataza nisiliguse kwa sababu kanisa si bar, tulilifunga waya wa breki ya baiskeli. Mkono wa breki upo mezani, nauvuta kwa kiwiko. Nisamehe, kaka, lakini ukiisikia sauti hiyo inavyopinda, hutanikataza tena.

Mama aliponiona nafanya mazoezi alijishika kiuno. "Piano na miguu? Basi miye nitaimba na masikio." Nikamwacha aseme. Wiki sita nilikanyaga bati asubuhi na jioni, nyayo zikachubuka, visigino vikavimba, na kila mara nilipotaka kuacha nilimwona Norbert akiifunga sinte yetu kwenye baiskeli.

Sasa sikiliza kosa letu. Jumamosi mchana niliona bati zimeanza kushika kutu kwa ajili ya mvua. Mama na mimi tukafanya kile ambacho kila mtu hapa hulifanyia jembe lake na panga lake: tukazipaka mawese, ndani na nje, bila ubahili. Mama alinisaidia kwa moyo wote, na zile nilizozisahau akazipaka yeye.

Pasaka asubuhi, ndugu wa Fizi wamekaa mbele wamependeza, na baiskeli yao ya kubebea mzigo iko nje. Kwaya imesimama, ampli inawaka taa. Nikakanyaga do. Kimya. Nikakanyaga mi, nikakanyaga zote. Kaka, jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu ambavyo sikuvaa. Norbert akainamisha kichwa. Idi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu alisema hawezi kukosa harusi ya mtoto wake, yaani ule ubao, akaingia, akapiga magoti, akanusa bati. "Nani alipaka huku mawese?" Mama akaangalia dari. Kumbe mafuta yanazuia umeme usipite!

Hapo ndipo nilipoipenda Baraka yetu upya. Mhubiri alituona tukiutoa ubao nje, akaelewa, akaanza mahubiri ambayo angepaswa kuyatoa baadaye, na akayavuta kweli kweli. Alipomaliza habari za kaburi alirudi kwa Musa. Wamama wa kwaya walikimbia majumbani, wakarudi na majivu na malimau. Tukafungua bati moja moja na kuzisugua, vitenge vya Pasaka vikiwa vyekundu kwa mawese, na Latifa naye akisugua pamoja nasi. Kisha ubao ukarudi ndani.

Nikakanyaga do, ikajibu. Sina maneno ya yaliyofuata. Kwaya iliingia kwa sauti zote nne, kushoto kukanguruma, miguu ikaimba juu yake, na nilipovuta breki kwenye ubeti wa jiwe kuviringishwa, wamama walipiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika Ubwari ng'ambo ya maji. Norbert alivua viatu akacheza. Baiskeli ya Fizi ilirudi mlimani tupu, na fundi wao amemwomba Idi apande akawafundishe kutengeneza ubao kama huu.

Kaka, kuna jambo nimekuficha kwa miezi sita, na leo nina nguvu ya kukuambia. Siku ile ya bomu nilikuwa nimeibeba sinte mimi, nakimbia nayo kutoka kanisani, mkono wa kuume umelala juu ya vibonye. Kile chuma kilipita kwanza mkononi mwangu. Vidole vinne havipo tena, kimebaki gumba. Bati zingeweza kukatwa ndogo zikatosha mezani, lakini nisingekuwa na cha kuzibonyezea. Mji mzima ulijua. Norbert aliposema kitu kimekufa, alikuwa anakwepa kunitazama.

Sikukuambia kwa kuwa nakujua: ungepanda mtumbwi siku ile ile, na ziwa lilikuwa na wenye bunduki. Barua zote za tangu wakati ule aliziandika Latifa, mimi nikimtamkia, kwa hiyo ile hati uliyoisifu, sifa ni zake. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukiniambia ni mvivu. Imenichukua siku tatu. Usinililie, tafadhali, nililia mwenyewe mwaka jana, na kilio kile kilitosha kwa ukoo mzima.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, wasalimie wote wa kwaya walioko huko, uwaambie nafasi zao ziko wazi. Mama anasema mrudi njia ikiwa salama, na mje mkiwa na njaa. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Anastasie,
mpiga sinte wa Baraka