Mji Mzima Bila Kilio

Mjukuu wangu Nafula,

Natangaza rasmi: kuku mweusi ametwaa kapu la nguo za babu yako, analalia mayai humo, na hataki mazungumzo. Sisi wengine wazima.

Unauliza kwa nini naiponda ile filamu ya mafuriko iliyotengenezwa kwa gharama kubwa. Mji mzima umekufa na hakuna aliyelia!

Nikiwa msichana tulionyeshwa filamu kama hiyo uwanjani Lumakanda. Nyumba zilipoangukia watoto, kukhu, nyanya yangu, aliinuka akapiga nduru kama matangani. Vijana wakataka kumtoa.

"Kaa chini, mama, ni sinema!"

"Na hao watoto, nani awalilie?"

Huwa nawasimulia ninyi wajukuu kwamba tulicheka. Ukweli ni kwamba akina mama waliinuka wakalia naye, nami pia, na mwenye mashine akaizima, akangoja tumalize.